SOMO LA TOLEO HILI: Mwamba Unapofungwa



Hapa Wasso bahari iko mbali, na wengi wetu samaki tunamfahamu akiwa tayari amekaushwa na kutiwa kwenye gunia. Hata hivyo tumechagua somo la pwani, kwa kuwa linagusa kazi yetu ya malisho.

Samaki wa pwani wamepungua kwa sababu zinazojulikana. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu 1970, lakini uliendelea kwa miongo mingi, hadi misako ya baadaye ilipoupunguza sana. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na husaga matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kuota tena. Kokoro hukomba mazalia, mikoko hukatwa. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi, yakiwemo ya Mafia.

Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, na vijiji vina vikundi vya kusimamia uvuvi, maarufu kama BMU. Lakini sheria haina macho usiku. Ndiyo maana habari ya pweza inafaa kuangaliwa kwa makini.

Pweza huishi takriban mwaka mmoja, naye hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo vijiji kama Kisiwa Panza, Pemba, vimewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu, halafu kuufungua siku moja kwa wote. Pweza wanaopatikana siku hiyo huwa wakubwa, na bei hupanda kwa uzito.

Wamasai hawatashangaa. Alalili, malisho yanayoachwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, ni wazo hilo hilo.

Ugumu uko kwingine. Wanaochokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua wengi ni wanawake, na fedha hiyo ndiyo ya unga na daftari za watoto. Mwamba ukifungwa, wao ndio wanaokosa kwanza. Na siku ya kufungua, mwenye chombo na miwani ya kuzamia huwatangulia. Kijiji kisipopanga hilo mapema, akina mama wamelinda mwamba kwa faida ya wengine.

Tena, inategemea nani amefunga. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, na kwa miaka mingi wakazi wengi wa Jibondo waliipinga, wakisema masharti yake yamewanyima maeneo yao ya kuvua. Wasomaji wa Loliondo hawahitaji kuelezwa habari ya mipaka.

Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila kamati ijadili: katika eneo letu la malisho lililofungwa, nani alikubali lifungwe? Nani anakosa maziwa kwa sasa? Na siku ya kulifungua, mifugo ya nani itaingia kwanza? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, pamoja na majina ya walioafiki na wasioafiki.