SOMO LA ROBO HII: BUNDUKI, LESENI NA KAMATI ZETU



Katika ziara yetu ya sharika za tambarare, kamati moja ilituletea ombi ambalo hatukuwa tumewahi kulipokea. Tembo kutoka Mkomazi walikuwa wameingia kwenye shamba la kikundi na kumaliza mahindi kwa usiku mmoja. Mzee aliyekuwa analinda alinusurika kwa kupanda mti. Kamati ikaomba sehemu ya fedha za mradi inunue bunduki, akabidhiwe mlinzi wa usiku.

Hatukucheka. Aliyepoteza chakula cha mwaka ana haki ya kuuliza lolote. Hata hivyo tulikataa, na tunaeleza sababu hapa kwa kuwa tunajua swali hili litarudi.

Silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kwa raia, leseni humfuata mtu, haifuati nyumba wala shamba. Mwombaji huanzia kijijini au mtaani kwake, ambako wanaomfahamu hujadili mwenendo wake na sababu ya kuhitaji silaha. Maombi hupanda hadi kwenye kamati za ulinzi na usalama za ngazi za juu, na polisi huchukua alama za vidole na kuchunguza kama amewahi kupatikana na hatia. Lazima pia aonyeshe kuwa anaweza kuitumia silaha kwa usalama. Kwa hiyo bunduki ya "kamati", inayopokezana mikono kati ya mlinzi wa leo na wa kesho, ni kosa tangu siku ya kwanza. Anayemwazima jirani naye yumo hatarini, hata kama jirani huyo ni mzee wa kanisa.

Jambo la pili watu hulichanganya sana: leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Vibali vya uwindaji vina utaratibu wake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mkomazi nayo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008, na kukutwa na silaha ndani yake bila idhini ni kesi nzito.

Tuseme pia juu ya magobole, maana tukinyamaza tutakuwa tunajidanganya. Gobole hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na bomba lake huweza kupasuka usoni mwa mwenye kulipiga. Tembo aliyejeruhiwa kwa gobole hafi upesi. Anabaki na hasira, na wa kwanza kukutana naye asubuhi ni mama aendaye kuteka maji. Gobole lisilosajiliwa ni silaha haramu, hata kama ni la babu.

Hapo ndipo tulipoguswa zaidi. Mama mjane katika usharika mwingine alitueleza kuwa bunduki ya marehemu mumewe, iliyokuwa na leseni halali, ilikuwa chini ya kitanda miaka kadhaa, imefungwa kwenye kanga, risasi zikiwa ndani. Wajukuu hulala chumba hicho hicho. Alidhani imekuwa mali ya mirathi kama shamba. Sivyo. Mwenye leseni akifariki, familia inapaswa kuitaarifu polisi na kuikabidhi silaha. Mrithi anayeitaka huomba leseni yake mwenyewe. Aliogopa kukamatwa. Tulimsihi asiibebe njiani, bali atoe taarifa kituoni waje kuichukua, na mwinjilisti akaenda naye.

Umoja wa Afrika uliutenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na mwaka 2023 Tanzania ilitoa msamaha wa Septemba na Oktoba kwa waliosalimisha kwa hiari. Msamaha wa namna hii ukitangazwa tena, tunaomba usomwe kwenye matangazo ya Jumapili.

Kwa wenye leseni miongoni mwetu: ihesabuni kila bunduki kuwa ina risasi, hata mliyoitoa risasi wenyewe. Mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kikae mbali na kiwambo. Silaha ifungiwe kwenye kasha la chuma, risasi zikae mbali nayo. Pombe na bunduki havikai nyumba moja usiku mmoja.

Na ile kamati ya tembo? Fedha zilinunua tochi zenye mwanga mkali, mavuvuzela na kamba za kuzungushia shamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Tembo wamerudi mara mbili. Mara moja waligeuka, mara moja hawakugeuka. Kwa hasara ile ya pili, mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori walipewa taarifa asubuhi ileile, kabla nyayo hazijafutika, ili wakulima waombe kifuta jasho. Ni kiasi kidogo na huchelewa, na wafadhili wetu wafahamu hivyo. Msimu huu kikundi kinataka kujaribu uzio wa mizinga ya nyuki, na bajeti yake imo katika ukurasa wa miradi.