Nyota Yako Haisafishwi na Mganga



Matangazo ya "kusafisha nyota" mmeyaona. Kabla hujatoa hela, nakuomba ushuke Capri Point jioni, utazame juu.

Nyota humetameta, mwanga wa sayari umetulia. Jua likishazama, ukiona taa kali magharibi, upande wa Ziwa, hiyo mara nyingi ni Zuhura. Miezi mingine utaiona alfajiri, mashariki. Saa sita usiku huioni, maana haiendi mbali na jua. Mshtarii na Mirihi zitafute kwenye njia ileile ya jua na mwezi; Mwanza tuko karibu na ikweta, kwa hiyo hupita juu kabisa, karibu na utosini.

Sasa fikiri: njia hizo hupigiwa hesabu miaka mingi mbele. Mganga atazisafishaje? Katekisimu, namba 2116, inakataa unajimu na ramli. Lakini Kanisa haliogopi anga: mwaka 1891 Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo cha Vatikano cha kuchunguzia anga.

Soma Ufunuo 22:16. Nyota ya asubuhi ni Kristo, na kumwendea ni bure.

Tafakari: wiki hii, uamuzi wako mkubwa umemuuliza nani?