Homa ya Saa Nane Usiku

Leo nina barua moja tu, na nimeipa kona nzima kwa sababu najua wengi wenu mtajiona humo.

Mwandishi wake anatibiwa saratani ya matiti. Kliniki alipata wenzake, wakafungua kundi la WhatsApp: wanachangiana nauli, wanaombeana, wanataniana vichwa vilivyonyonyoka. Usiku mmoja, saa nane, mwenzao akaandika kwamba anasikia homa na baridi. Ilikuwa siku ya kumi tangu atundikiwe dripu ya kemo. Majibu yakamiminika: meza panado, jifunike, hiyo malaria tu, asubuhi ukapime. Kulipokucha alikuwa hawezi kusimama. Alilazwa, na sasa hajambo. Mwandishi wa barua anauliza: "Dada, usiku ule hakuna aliyelala, wote tulikuwa naye. Tulikosea wapi?"

Mdogo wangu, upendo mlikuwa nao tele. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia, "Vaa, nenda hospitali sasa hivi, nampigia shemeji alete bajaji."

Dawa za kemo hushambulia chembe zinazozaliana upesi. Za saratani zimo, lakini zimo pia zile za kwenye uboho wa mifupa, ambako chembe nyeupe za damu hutengenezwa. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo hata dalili tulizozizoea hupotea: kidonda chaweza kuingia vijidudu kisitunge usaha, na mapafu yakaugua bila kohozi la maana. Mara nyingine homa ndiyo dalili pekee. Kwa hiyo mtu wa kemo akifika nyuzi 38, hiyo ni dharura, hata kama anaongea na kucheka. Anatakiwa aanze antibayotiki ya mshipani mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike hospitali.

Sasa hiyo panado. Itashusha namba kwenye kipimajoto, vijidudu viendelee na kazi yao, na ninyi mlale mkishukuru Mungu. Pima kwanza, kisha piga simu. Na malaria tunayo kweli, sikatai, ila itapimwa hukohuko pamoja na wingi wa chembe za damu. Kuanza dawa ya mseto nyumbani ni kupoteza usiku. Akitetemeka, akachanganyikiwa au akaishiwa pumzi, aende hata kama kipimajoto hakioneshi homa, maana dawa kama deksamethasoni, ambayo wengi hupewa pamoja na kemo, huweza kuificha.

Kinachonisumbua zaidi ni kuona haya kwetu. Mgonjwa ameshawachosha ndugu kwa nauli, vipimo na uji wa kila saa, basi homa ikimjia usiku anajiambia avumilie mpaka asubuhi. Mume akigeuka kitandani, anajifanya amelala. Hapo ndipo mgonjwa mwenzake anaposhinda hata dada wa tumbo moja, kwa kuwa huyo hadanganyiki: hiyo "niko poa tu" ameshaisema yeye mwenyewe. Mwambieni apige picha kipimajoto. Akikaa kimya, mpigieni anayelala naye nyumba moja.

Ili hilo liwezekane, kila mmoja awaachie wenzake ujumbe mmoja: saratani gani, dawa gani, kemo ya mwisho tarehe gani, hospitali ya karibu ni ipi, namba ya ndugu. Wapo wanaotibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kisha wanarudi kwao Songea au Kigoma kungoja dozi nyingine. Hao waulize kabla hawajapanda basi kwamba homa ikiwapata huko waende wapi. Na ukifika mapokezi usikae kwenye benchi ukangoja zamu yako. Sema kwa sauti: "Niko kwenye kemo, nina homa." Rudia mpaka usikike.

Halafu mfuko wenu. Sisi kwa mchango wa msiba hatujambo, turubai linafungwa kabla ya saa nne. Wekeni basi akiba ya bajaji ya usiku, mkabidhi mtu asiyezima simu.

Mambo mawili nawakataza. Msigawane antibayotiki zilizobaki, kwa sababu dawa zenu si moja na figo zenu si moja. Na ule unga wa mizizi uliomsaidia mama wa fulani, usiingie mdomoni kabla daktari wako hajaujua, maana baadhi huumiza ini na baadhi hugombana na kemo. Vidonda vya mdomoni, hivyo saidianeni: maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, sukutua mara kadhaa kwa siku. Vikizidi mpaka maji ya kunywa hayapiti, hilo nalo ni la hospitali.

Jirani anayeogopa kikombe cha mgonjwa mwambieni saratani haiambukizi. Mwenye haki ya kuogopa ni mgonjwa, kwa mafua ya huyo jirani. Hata ninyi kwa ninyi: ukiwa na kikohozi usiende kumwona mwenzako aliye kwenye zile siku za chembe kushuka. Pika, mpe kijana apeleke, kisha mpigie simu ya video mcheke.