SOMO: KUTAFUTA BIKONI KATIKA MASHAMBA YALIYOACHWA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba bikoni isiyoonekana si lazima iwe imepotea; shamba likiachwa, udongo na majani huifunika. Atafutaye asianze na panga, bali na ramani ya upimaji. Aanzie bikoni inayojulikana, afuate mwelekeo na masafa yaliyoandikwa, afyeke hapo tu, kisha achimbe taratibu. Sheha na majirani wawepo. Mnazi si ushahidi, kwani hufa ukapandwa mwengine.

Isipopatikana, aitwe mpima ardhi. Mtu asijichimbie jiwe lake. Katika shamba la eka tatu lenye pande sawa, kona moja ikisogezwa mita 2 kwa jirani, jirani hupoteza mita za mraba zipatazo 110. Haki ya warithi hulindwa na jiwe lililobaki pahala pake.