Kontena la baridi halipozi parachichi, linatunza baridi uliyoingia nayo

Msimu huu swali linalojirudia kwenye simu yangu ni hili: "Bwana shamba, kikundi chetu sasa kinafikisha mzigo wa kontena zima. Kwa nini tusipeleke Ulaya wenyewe badala ya kumuuzia mwenye kituo cha kufungashia?" Hesabu ya wanaouliza si mbaya. Kontena la futi 40 linachukua paleti kama 20, yaani tani 21 hivi za Hass kwenye katoni za kilo 4. Ukiweka bei ya shambani pembeni ya bei ya Rotterdam, unaona kabisa kwamba hapo katikati kuna hela. Ipo kweli. Ila sehemu kubwa ya hela hiyo ni malipo ya kazi ya baridi, na asiyejua baridi ataipoteza pamoja na mtaji wake.

Tuanze na kitu ambacho wengi wanakielewa kinyume. Mashine ya kontena imetengenezwa kushikilia ubaridi ambao mzigo tayari unao, pamoja na kuondoa joto dogo linalotoka kwenye matunda yakipumua. Haijatengenezwa kuondoa joto la shambani. Parachichi likishachumwa bado ni kitu hai: linatumia oksijeni, linatoa kabonidayoksaidi, linatoa joto na unyevu, na kadiri lilivyo la moto ndivyo linavyopumua haraka. Ukiingiza tani 21 zenye nyuzi 25 ndani ya nyama, mashine itapuliza usiku na mchana, na kioo cha nje kinaweza kuandika +6 ukafurahi. Kioo hicho kinasoma hewa inayopulizwa, hakisomi tunda. Tunda la katikati ya paleti linaweza kukaa siku kadhaa likiwa bado na joto, na siku hizo linaanza safari ya kuiva.

Sasa weka hilo kwenye kalenda. Zamani, meli ikipita mfereji wa Suez, mzigo wa Mombasa au Dar es Salaam kwenda Ulaya Kaskazini ulihesabiwa mwezi mmoja hivi. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, na meli ikipita huko ongeza kama wiki mbili. Muulize wakala wa meli njia atakayopita kabla hujachuma hata tunda moja. Siku 28 zinasamehe makosa madogo. Siku 42 hazisamehi.

Na mnunuzi wa kule hataki tunda lililoiva. Anataka gumu, aliweke kwenye chumba chake cha kuivishia chenye gesi ya ethilini, alitoe siku anayoitaka yeye. Likimfikia laini, kwake ni mzigo wa kuchambua.

Kwa hiyo kazi inaanzia mtini. Hass haliivi likiwa mtini, na kwa rangi huwezi kujua limekomaa. Pima nyama kavu. Chukua nyama ya tunda bila ganda wala kokwa, ikwangue, pima gramu 10, kausha kwenye maikrowevu kidogo kidogo hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 2.3, ni asilimia 23. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass ni asilimia 21, lakini wanunuzi wengi wanadai zaidi, na mimi nisingekushauri uende baharini ukiwa umegusa mstari. Tunda changa husinyaa na kuwa kama mpira. Tunda lililokomaa kupita kiasi nalo halina siku 40 ndani yake. Chuma kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, usichume likiwa limelowa, weka kreti kivulini. Haya mmeshanisikia nikiyasema mara nyingi, sirudii.

Halafu ndipo pesa inapoamuliwa: chumba cha kupozea chenye feni zinazovuta hewa baridi ipite ndani ya katoni, sio chumba cha baridi cha kawaida ambacho hewa inazunguka nje ya paleti tu. Lengo ni tunda lianze kupozwa siku ileile lilipochumwa na lifike nyuzi 5 hadi 7 ndani ya nyama kabla halijaliona kontena. Matunda ya mwanzo wa msimu huwekwa juu kidogo, ya mwisho chini kidogo. Usishuke ovyo ukidhani baridi zaidi ni usalama zaidi, maana parachichi likiumia na baridi nyama inageuka kijivu na ganda linapata mabaka meusi.

Nilikuwepo siku kikundi kimoja kikipakia. Paleti zilikuwa nzuri, lebo safi, cheti cha afya ya mimea kipo mezani. Nikachoma kipimajoto kwenye tunda la katikati: nyuzi 17. Mwenyekiti wao, binti mdogo tu, akaniambia, "Bwana shamba, tukifunga sasa hivi tunaiwahi meli. Tukisubiri tunaikosa." Nikamjibu uamuzi ni wao, ila meli hiyo ilikuwa inapita Rasi. Wakajadiliana nusu saa, wakarudisha paleti ndani. Meli ikaondoka. Mzigo ukapoa hadi 6, na mnunuzi akawatafutia nafasi ya kwenda Dubai, safari fupi na bei ndogo. Faida waliyoipigia hesabu hawakuipata. Walilipwa lakini, na mtaji wa msimu uliofuata ulikuwepo.

Siku ya kupakia simama mlangoni mwenyewe. Kontena liwe limeoshwa, halina harufu ya samaki. Kama unapakia mahali penye joto, mashine izimwe milango ikiwa wazi, vinginevyo inavuta hewa ya nje yenye unyevu na kugandisha barafu kwenye koili. Hewa ya kontena inatoka chini sakafuni na kupanda juu kupitia matundu ya katoni, kwa hiyo matundu yapangane, usivuke mstari mwekundu wa juu, na sehemu ya sakafu iliyobaki wazi karibu na mlango ifunike kwa kadibodi. Hewa ni mvivu: ikipata upenyo pembeni haitahangaika kupita ndani ya paleti. Mzigo wa kugandishwa, kama minofu ya sangara, ni habari nyingine. Huo unawekwa nyuzi -18, madirisha ya hewa yanafungwa, na baridi inazunguka nje ya mzigo tu kwa sababu hakuna kinachopumua.

Kwenye karatasi ya oda andika alama ya jumlisha: +6. Nyuzi 6 na nyuzi -6 zinatofautiana kwa kistari kimoja, na kistari hicho kinageuza tani 21 kuwa mawe. Hakikisha pia lori lina jenereta la kontena, na uliza nani analijaza mafuta njiani.

Mwisho ni mkataba. Ukiuza kwa mtindo wa "peleka, tutakulipa kulingana na soko", nauli, gharama ya kuchambua na kamisheni vinakatwa kwenye mauzo yako, na mzigo ukifika laini wakati Peru imejaza soko, unaweza kutumiwa karatasi inayosema wewe ndiye unayedaiwa. Bima ya mzigo kwa kawaida hailipi hasara iliyotokana na meli kuchelewa au na tunda kuiva lenyewe. Kwa hiyo omba angalau sehemu ya bei iwe ya uhakika, na ilipwe kabla mzigo haujaondoka. Weka vinasa joto viwili, kimoja karibu na mlango na kingine katikati ya mzigo, andika namba zake, piga picha ya kipimajoto kikiwa ndani ya tunda kwa kila paleti. Kama kikundi hakina chumba cha kupozea kwa feni, msimu huu kodisheni nafasi kwa mwenye nacho, au muuzieni, na mmoja wenu aombe kusimama pale ndani siku za kupakia akiwa na daftari.