Dondoo muhimu: Siku mbili Tunduma

Malori ya Zambia hupita Tunduma usiku na mchana, kwa hiyo mgeni aombe chumba cha nyuma, mbali na barabara kuu, na akikague kabla ya kulipa. Sweta ni lazima. Juni na Julai baridi ya huku ni kali.

Anayevuka kwenda Nakonde abebe hati ya kusafiria na akumbuke kuwa saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja.

Siku ya pili ni ya Kimondo cha Mbozi, kijijini Ndolezi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na kwenye ncha yake yanaonekana makovu ya waliobandua vipande zamani. Kahawa ya Mbozi inunuliwe wakati wa kurudi.