Pikipiki ya Kikundi: Tutengeneze Nini, Tufunge Nini



Somo hili ni la vikundi vyenye pikipiki na vile vinavyochanga ili vinunue. Someni kwa sauti mkutanoni, na pikipiki yenyewe iletwe hapo chini ya mti ili kila mtu aone kwa macho kinachosemwa. Mweka hazina asikae mbali ati kwa sababu hajui kuendesha. Yeye ndiye anayelipa fundi, na fundi akijua mlipaji haelewi kitu, bei hupanda.

Pikipiki zilianza kujaa huku kwetu baada ya mwaka 2008, Serikali ilipoondoa VAT kwa zile zisizozidi 250 cc. Nyingi tulizo nazo ni za 100 hadi 150 cc, zilizoundwa kubeba mwendeshaji na mtu mmoja nyuma yake. Sisi tunapakia mama, mtoto na gunia la maembe, kutoka kijijini mpaka soko la Masii, na kesho yake safari ndefu ya Machakos au Kitui. Basi tusiilaumu mashini haraka.

Adui wa kwanza ni vumbi

Lami ya Machakos kwenda Kitui inapita Masii na kuendelea Wamunyu, lakini ukiiacha kidogo tu umeingia kwenye vumbi, na mbele kuna mito ya mchanga. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa. Linakula polepole, na mwendeshaji hasikii kitu mpaka siku pikipiki inakataa.

Anzeni na mnyororo, au cheni kama mafundi wanavyoiita. Pikipiki isimame kwa stendi ya kati, giya iwe frii, injini IMEZIMWA. Tunaandika hivyo kwa herufi kubwa kwa sababu wako watu wanaosafisha cheni injini ikizunguka ili wamalize upesi, na cheni hukata kidole kama vile panga linavyokata muwa. Zungusha gurudumu kwa mkono. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha tia oili nzito ya giya kidogo kidogo kwa upande wa ndani. Iliyozidi ipanguse, maana ndiyo inayokamata vumbi jipya.

Halafu pima ulegevu. Sukuma cheni juu na chini katikati ya sproketi mbili: pikipiki nyingi za aina hii zinataka sentimita 2 hadi 3, na kitabu cha pikipiki yenu ndicho cha kufuata. Wengi huikaza sana wakidhani imara ni kukaza. Mnajua mzigo ukikaa nyuma, gurudumu linapanda na cheni inajivuta zaidi. Kama ilikuwa imekazwa tangu nyumbani, itakula beringi au itakatika ukiwa katikati ya mto. Ukirekebisha, alama za pande zote mbili za ekseli ziwe sawa, ama tairi litakwenda upande. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulala kama ndoano, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya meno ya zamani ni pesa mmetupa.

Kisafisha hewa ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kama ni cha sponji, kioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, kikauke kivulini, ukipake matone machache ya oili na kukikamua. Kama ni cha karatasi, usikioshe. Kikung'ute taratibu na kikichoka nunua kingine. Kuna vijana wanaokitoa kabisa ili pikipiki “ipumue” na kuunguruma vizuri. Ni kweli itaunguruma. Lakini vumbi lote la barabara litaingia kwenye silinda, liparuze pistoni na ringi zake, na hapo mtaona moshi wa bluu na oili ikipungua kila wiki. Kufungua injini ndiyo kazi ghali kuliko zote katika somo hili.

Oili ya injini ibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, na kwa vumbi letu ni afadhali mapema kuliko kuchelewa. Kuongezea tu juu ya ile nyeusi si kubadilisha.

Ikizima njiani, usianze kufungua kabureta. Kwanza tazama petroli na bomba lake, kama umesahau kugeuza kwenda akiba. Kisha toa plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeusi na masizi, petroli imezidi au kisafisha hewa kimeziba. Ikiwa nyeupe, injini inachemka sana au inavuta hewa mahali pasipofaa, na hilo ni la fundi. Petroli ya chupa za kando ya barabara mara nyingi ina maji au mafuta ya taa, na hiyo hakuna fundi atakayeitibu kwa plagi mpya.

Breki hatutazieleza sana. Zipimwe kila asubuhi kabla ya abiria kupanda, na mtu yeyote asipake oili kwenye drami ati inapiga kelele.

Vifaa vya kukinga

Hapa ndipo mikutano huchacha. Vijana wanataka bampa inayong'aa, redio na taa za rangi. Wazee wanauliza faida iko wapi. Sisi tunasema: kwanza kinachokinga mtu, pili kinachokinga mashini, na mapambo kila mwendeshaji ajinunulie kwa pesa zake.

Helmeti na jaketi ya rifleksi haziko katika mjadala. Sheria ya Trafiki, ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka mwenye pikipiki atoe mbili mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, na abiria awe mmoja. Mwenye pikipiki ni nani? Ni kikundi. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha helmeti hupunguza kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69 na kufa kwa karibu asilimia 42. Hiyo ni ikiwa imefungwa kidevuni, si ikining'inia kwenye usukani. Abiria wakikataa kwa sababu ya jasho la wengine, wekeni kofia nyepesi za kitambaa zinazofuliwa, zivaliwe ndani. Helmeti iliyogonga lami kwa nguvu haifai tena hata kama nje haina alama.

Cha pili ni kile kinga cha vyuma kando ya gurudumu la nyuma, ambacho wengi wanakitoa wakiweka keria pana. Tafadhali msikitoe. Pikipiki zetu nyingi zinatoka India, na sheria ya huko inadai nusu ya gurudumu la nyuma ifunikwe ili sari ya mama isinaswe na spoku. Hapa kwetu sari ni leso. Ncha ya leso ya kubebea mtoto ikiingia kwenye gurudumu linalozunguka, mama na mtoto wanavutwa chini kabla mwendeshaji hajageuka kutazama. Kama chenu kimeshatolewa, fundi wa jua kali anaweza kutengeneza kingine kwa siku moja. Na mwendeshaji amwambie kila mama achomeke leso vizuri kabla ya kuondoka.

Cha tatu ni kifuniko cha ekzosi. Tazameni miguu ya watoto wetu, mtaona makovu kwenye muundi wa mguu wa kulia. Abiria apandie na kushukia upande wa kushoto. Akiungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na majivu wacheni.

Na bampa? Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali za pikipiki 900 mahali zilipotokea. Waligundua kwamba vyuma vya kukinga miguu viliokoa vifundo, lakini majeraha ya goti na paja yaliongezeka, hata faida ikafutika. Kwa hivyo bampa tuinunue kwa kazi yake: pikipiki ikianguka polepole mchangani, isivunje kanyagio la giya na kifuniko cha injini. Hiyo ni faida ya kweli kwa barabara zetu. Lakini isichukue pesa za helmeti ya pili.

Ikifungwa, ifungwe kwa bolti na bano, isichomelewe kwenye fremu. Fremu ni bomba jembamba. Moto wa welda huidhoofisha, na ufa huanza pembeni mwa pale palipochomelewa. Kama lazima welda iguse sehemu yoyote, betri itolewe kwanza. Bampa isizibe upepo unaopoza injini, isipite upana wa usukani, na isiwe mahali pa kufungia mitungi. Baada ya wiki moja kazeni nati tena, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. (Ule mwavuli mkubwa wa mvua ni tanga la jahazi. Siku ya upepo utawapeleka msikotaka.)

Pesa za matengenezo

Tuseme mwendeshaji anatenga shilingi 50 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 1,300, na kwa miezi mitatu 3,900. Pesa hizo zikae katika daftari lake peke yake, zisigawanywe na wanachama Desemba, na zisikopeshwe. Kila kitu kilichobadilishwa kiandikwe pamoja na tarehe na kilomita, na kile cha zamani kiletwe mkutanoni kionekane.

Maswali ya kujadili

Pikipiki yetu ina helmeti ngapi leo, na ya abiria iko wapi wakati huu?

Kinga cha gurudumu la nyuma kipo? Kama kilitolewa, nani alikubali kitolewe?

Mwendeshaji akiitwa saa nane usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali na taa ya mbele haiwaki, ni nani kati yetu angepaswa kujua hilo tangu jana?